Dawa mpya ya kansa inapojaribiwa kwa binadamu mara ya kwanza: mambo ya kujua kwa mtu wa Simiyu

Leo tuweke pembeni bei ya pamba. Kuna jambo nataka niliandike kwa kirefu ili likae hapa, mtu akilihitaji alikute: majaribio ya mwanzo kabisa ya dawa mpya za kansa, hasa kwa wagonjwa ambao kansa yao imeshasambaa mwilini.

Nimeamua kuandika kwa sababu neno "dawa mpya" lina nguvu sana huku kwetu. Mgonjwa akishaambiwa hospitali kwamba ugonjwa umefika hatua ya nne, haipiti wiki simu zinaanza kuingia. Shemeji kasikia kuna vidonge vimetoka Ulaya. Jirani kasikia kuna kituo mjini kinajaribu sindano. Mwingine ana chupa ya maji meusi anayosema yamemponya binamu yake. Ng'ombe wanaanza kutoka zizini. Katika kelele zote hizo, jaribio halali la kitaalamu na utapeli mtupu vinasikika vilevile.

Lengo langu ni kukupa namna ya kuvitofautisha, na nakupa mapema kabisa: jaribio la kwanza la dawa kwa binadamu haliulizi "je, inaponya?" Linauliza "mwili wa mtu unaweza kubeba kiasi gani cha dawa hii?" Ukilishika hilo, mengine yatakaa sawa.

AWAMU YA KWANZA NI KITU GANI

Dawa ya kansa huanzia maabara, kwenye chembe za kansa zilizooteshwa, kisha kwa wanyama kama panya. Ikionyesha dalili nzuri ndipo inaombewa kibali cha kupewa watu. Kuanzia hapo kuna awamu tatu. Ya kwanza inatafuta dozi na madhara, na huwa na watu wachache, makumi tu. Ya pili inaangalia kama dawa inapunguza uvimbe kwa aina fulani ya kansa. Ya tatu inalinganisha dawa mpya na ile inayotumika siku zote, kwa mamia au maelfu ya wagonjwa. Dawa ikivuka zote tatu ndo inaandikishwa na kuuzwa.

Nyingi hazivuki. Hesabu za kiwanda cha dawa duniani zinaonyesha kwamba katika kila dawa 100 za kansa zinazoingia awamu ya kwanza, zinazofika sokoni ni 5 hivi.

Mkulima wa pamba analielewa suala la dozi haraka kuliko mtu wa mjini. Dawa ya funza wa vitumba ukiweka kidogo kwenye bomba, funza wanaendelea kula. Ukizidisha, majani yanaungua. Katikati hapo ndo pana dozi sahihi, na hakuna mtu aliyeijua kabla ya kuijaribu. Hata mbegu ya UK 91 tuliyopanda miaka yote, watafiti wa Ukiriguru waliijaribu kwanza kwenye vishamba vidogo kabla ya kutupa sisi. Tofauti ni kwamba hapa kishamba ni mwili wa mtu, na ndiyo maana sheria zake ni kali.

DOZI INAPANDISHWAJE

Utaratibu wa zamani, ambao bado unatumika sehemu nyingi, ni wa watu watatu watatu. Wagonjwa 3 wanapewa dozi ndogo sana, ambayo kwa dawa nyingi za kemo huanzia kwenye sehemu moja ya kumi ya kiasi kilichowadhuru vibaya panya. Wanaangaliwa kwa wiki 3 au 4 hivi: damu, figo, ini, moyo. Kama hakuna aliyepata madhara makali, wagonjwa wengine 3 wanapewa dozi ya juu kidogo. Akidhurika 1 kati ya 3, wanaongezwa 3 kwenye dozi ileile. Wakidhurika 2 au zaidi, kupanda kunaishia hapo na watafiti wanashuka ngazi moja.

Ukiutazama utaratibu huo vizuri utaona jambo ambalo mgonjwa lazima aambiwe wazi. Wale wa mwanzo wanaweza kupewa dozi ndogo mno kuwasaidia. Wale wa mwisho ndio wanaopata madhara makubwa. Kwa hiyo swali "mimi niko ngazi ya ngapi?" ni swali la haki kabisa kuuliza.

Siku hizi mambo yamebadilika kidogo. Dawa nyingi mpya zinalenga kasoro fulani ndani ya chembe ya kansa, na kwa dawa hizo dozi kubwa kuliko zote siyo lazima iwe ndiyo bora. Tangu mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani imekuwa ikiwataka watengenezaji watafute dozi inayofaa, badala ya kusukuma mpaka mwili ushindwe.

KWANINI WAGONJWA WALIOZIDIWA

Jamani, hili linaumiza watu. Utasikia: "Wanatujaribia sisi kwa sababu tunakufa tu." Sababu yenyewe ni hii. Dawa ya malaria au chanjo hujaribiwa kwanza kwa watu wazima wenye afya. Pale Bagamoyo, Taasisi ya Afya Ifakara imefanya majaribio ya awali ya chanjo za malaria kwa watu wa namna hiyo. Lakini dawa nyingi za kansa ni kali, zinaua chembe zinazokua, zikiwemo nzima. Huwezi kumpa mtu mzima wa afya sumu ya aina hiyo. Na huwezi kumpa mgonjwa ambaye bado kuna tiba inayojulikana ya kumsaidia, maana utakuwa umemnyang'anya tiba hiyo. Anabaki yule ambaye tiba zilizopo zimeisha au hazipo.

Lakini siyo kila aliyezidiwa anakubaliwa. Wanataka mgonjwa anayeweza kutembea na kujihudumia, ambaye ini na figo zinafanya kazi, na ambaye ugonjwa wake umethibitishwa kwa kuchukuliwa kinyama na kupimwa. Aliyekwisha lala kitandani mara nyingi anakataliwa, kwa sababu dawa inaweza kumuua kabla ya kansa.

JE, INAMSAIDIA MGONJWA?

Hapa nawapa namba, maana namba ndo dawa ya uvumi. Mwaka 2005 ulichapishwa uchambuzi wa majaribio 460 ya awamu ya kwanza yaliyodhaminiwa na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani kati ya 1991 na 2002, yenye wagonjwa karibu 12,000. Uvimbe ulipungua vya kutosha kwa wagonjwa kama 11 katika kila 100. Waliouawa na dawa yenyewe walikuwa kama 1 katika kila 200. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2022, wa majaribio ya taasisi hiyohiyo kuanzia 2000 hadi 2019, ulionyesha kwamba waliopata nafuu walipanda kutoka kama 10 katika 100 mwanzoni hadi 18 katika 100 mwishoni. Vifo vya dawa vilibaki chini ya 1 katika 100.

Angalieni neno nililotumia: uvimbe kupungua. Kupungua siyo kupona. Mara nyingi hurudi baada ya miezi.

Yapo maajabu machache, na ni vizuri yasemwe pia. Juni 1998 huko Marekani daktari Brian Druker na wenzake walianza kuwapa wagonjwa wa aina moja ya kansa ya damu vidonge vya imatinibu. Kati ya wagonjwa 54 waliopewa dozi ya miligramu 300 au zaidi kwa siku, damu ilirudi kawaida kwa 53. Mwaka 2001 dawa ikaruhusiwa. Baadaye, kupitia mpango wa msaada, vidonge hivyo vya Glivec vilifika hadi Ocean Road, Dar es Salaam, vikitolewa bure kwa Watanzania wenye ugonjwa huo. Lakini imatinibu ni moja. Anayekuambia kila dawa mpya ni imatinibu anakuuzia ndoto.

Na yapo majanga. Machi 2006, London, vijana 6 wenye afya walipewa dawa iliyoitwa TGN1412, iliyokusudiwa pamoja na mambo mengine kutibu kansa ya damu. Walipewa mmoja baada ya mwingine kwa dakika chache tu, na wote 6 wakaishia chumba cha wagonjwa mahututi. Walinusurika. Tangu hapo wanaoanza kupewa dawa mpya wanatenganishwa kwa muda, ili wa kwanza akidhurika wa pili awe hajaguswa.

AFRIKA MASHARIKI TULIKUWEPO TANGU MWANZO

Wengi wanadhani habari hizi ni za Wazungu tu. Siyo kweli. Moja ya sura za kwanza za tiba ya kemo duniani iliandikwa kandokando ya ziwa letu.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika kuhusu watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kuukuu takriban kilomita 16,000, wakapita Tanganyika hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama wamewahi kuona uvimbe huo. Wakagundua unafuata maeneo ya joto na mvua, kulekule kwenye malaria nyingi. Kanda yetu ya Ziwa ni mojawapo, na watoto wenye kansa hiyo bado wanaletwa hospitali hadi leo.

Uvimbe huu unakua kwa kasi ya kutisha, unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Upasuaji ulishindwa. Mashine za mionzi hazikuwepo. Ndipo Burkitt kule Kampala, na Peter Clifford kule Nairobi, wakaanza kuwapa watoto dawa mpya za wakati ule, kama methotreksati na saiklofosfamidi. Baadhi ya watoto waliyeyuka uvimbe baada ya dozi moja au mbili tu, na wapo waliopona moja kwa moja. Wakati huo madaktari wengi duniani hawakuamini kwamba kansa inaweza kupona kwa dawa peke yake.

Mwaka 1967 kilifunguliwa kituo cha tiba ya kansa hiyo pale Mulago, kwa ushirikiano wa Makerere na Marekani, chini ya John Ziegler. Ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Utawala wa Idi Amin ulipowaondoa wageni, Mganda Charles Olweny alikishika, na mwaka 1974 yeye na wenzake walichapisha jaribio la kulinganisha dawa za Kaposi, ile kansa ya ngozi. Kazi iliendelea katika miaka migumu kuliko yote ya nchi ile.

Kwa hiyo nasema wazi: watoto wa Afrika Mashariki waliibeba elimu ambayo leo inatibu watoto wa dunia nzima. Deni hilo ni sababu nzuri ya sisi kudai nafasi kwenye majaribio ya leo. Tena ipo sababu ya kitaalamu. Majaribio mengi hufanywa Marekani, Ulaya na Asia ya Mashariki. Mtu wa Busega aliyeishi na kichocho cha matumbo miaka 20 anaweza kuwa na ini lenye makovu, na ini ndilo linalosafisha dawa nyingi. Dozi iliyopimwa Boston haijamuuliza yeye.

KIKOMBE CHA LOLIONDO KINATUFUNDISHA NINI

Mwaka 2011 nchi nzima ilihamia Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, aliyefariki Julai 2021. Kikombe kilikuwa shilingi 500, na ilisemwa kinatibu kisukari, UKIMWI, kansa na mengine. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, yakiwemo ya kutoka Kanda ya Ziwa, na wapo waliofia njiani. Wapo pia walioacha dawa zao za hospitali.

Simkejeli mtu aliyekwenda. Ninachotaka tuone ni jinsi maswali mawili yalivyochanganywa. Taarifa za serikali za wakati ule zilisema uchunguzi wa awali haukuona sumu kwenye kikombe. Watu wengi wakasikia: "serikali imesema inaponya." Kutodhuru ni jibu la awamu ya kwanza. Kuponya ni jibu la awamu ya tatu. Kati ya hayo mawili kuna miaka mingi na wagonjwa mamia.

Dawa za miti siyo uchafu, msinielewe vibaya. Vinkristini, inayotumika hospitali mpaka leo, ilitoka kwenye ua dogo la asili ya Madagaska ambalo watu wanalipanda uani kama pambo. Lakini ilipita kwenye mlolongo uleule: maabara, panya, dozi, ulinganisho.

NANI ANATOA KIBALI TANZANIA

Jaribio halali hapa nchini lina mihuri miwili. Wa kwanza ni wa maadili, unatoka Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya iliyo chini ya NIMR, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979 na yenye kituo Mwanza. Wa pili ni wa dawa yenyewe, unatoka TMDA, ambayo hadi mwaka 2019 tuliijua kama TFDA. Nao wana ofisi ya kanda Mwanza. Majaribio huandikishwa pia kwenye madaftari ya wazi ya intaneti, kama lile la Afrika nzima linaloitwa PACTR, ambapo yeyote anaweza kutafuta.

Kanda yetu siyo ngeni kwenye utafiti unaofuata taratibu. Kuanzia 2017 wasichana 930 wa Mwanza walishiriki jaribio la chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, lililoonyesha kwamba dozi moja inajenga kinga ya kutosha. Lile halikuwa jaribio la tiba wala la awamu ya kwanza, lakini matokeo yake yakawa sehemu ya ushahidi, na mwaka 2024 Tanzania ikahamia dozi moja.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTIA SAINI

Nakili haya kwenye karatasi, uende nayo:

1. Namba ya kibali cha NIMR ni ipi? Ya TMDA ni ipi? Asiye nazo, ondoka.

2. Nalipa shilingi ngapi? Dawa inayojaribiwa mgonjwa haiuziwi. Ukiombwa pesa ya dawa, hilo siyo jaribio.

3. Hii ni awamu ya ngapi, na mimi nitapewa dozi ya ngazi gani?

4. Waliotangulia walipata madhara gani? Wangapi?

5. Nitapimwa damu mara ngapi, wapi, na nauli na malazi nani anabeba?

6. Nikidhurika nani ananitibu, na bima ya washiriki ni ya kampuni gani?

7. Nikijitoa katikati, nitaendelea kutibiwa hapahapa? Jibu sahihi ni ndiyo, bila masharti.

8. Nisiposhiriki, tiba yangu nyingine ni ipi?

Fomu ya ridhaa lazima iwe kwa Kiswahili unachokielewa, na ubaki na nakala. Mzee asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiyehusika na utafiti, ndipo aweke dole gumba. Kwa Wasukuma uamuzi mkubwa ni wa ukoo, na hakuna ubaya mgonjwa kuomba siku kadhaa akazungumze na wazee na watoto wake. Anayekuharakisha utie saini leoleo hakutakii mema. Ila tukumbuke: wa mwisho kusema ndiyo au hapana ni mgonjwa mwenyewe, siyo kaka yake mwenye ng'ombe wengi.

NA SISI HUKU SIMIYU?

Jaribio la awamu ya kwanza halifanyiki nyuma ya duka la dawa. Linahitaji maabara inayofanya kazi kila siku, chumba cha mahututi na madaktari wa kansa. Njia ya mgonjwa wetu inaanzia hospitali ya wilaya, inapita hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Bariadi, inakwenda Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 150 kupitia Lamadi na Magu, ambako kuna kemo na mionzi. Wengine wanafika Ocean Road, zaidi ya kilomita 1,000.

Tatizo kubwa kwetu linatokea kabla ya safari hiyo. Mkojo wa damu tunauona wa kawaida kwa vijana, wakati kichocho cha mkojo kikikaa miaka huleta kansa ya kibofu. Mama anatokwa damu baada ya kukoma hedhi, anasubiri mavuno yaishe. Chakula kinakwama kooni, tunasema vidonda vya tumbo. Mtoto anavimba taya na meno kulegea, anapelekwa kung'olewa jino. Akifika Bugando, ugonjwa umeshakaa miezi. Mtu aliyechelewa hivyo anakosa tiba inayojulikana, na hata hilo jaribio la dawa mpya halimkubali.

Kwa hiyo ndugu zangu, mgonjwa akiambiwa achukuliwe kinyama, akubali, na majibu yatunzwe kwenye bahasha isiyopotea. Hayo majibu ndiyo mlango wa kila kitu. Na kwa aliyeambiwa tiba ya kuponya haipo tena, kuna huduma ya kupunguza maumivu, ikiwemo mofini ya kunywa. Aliyechagua kutuliza maumivu na kukaa na wajukuu wake hajakata tamaa, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu kwamba hakutaka kujaribu.

Mwenye nyongeza, hasa wauguzi na matabibu mnaopita hapa, uwanja ni wenu hapo chini. Anayetaka kutangaza "dawa" asijisumbue, maoni ya namna hiyo nitayafuta.